Tumeanza kutenganisha taka mtaani, zoezi limekufa ndani ya wiki tatu. Naombeni ushauri

Fundi_Korongoni (mleta uzi)

Habari za jioni wadau. Niko Dar upande wa Ubungo, mtaa siutaji maana mwenyekiti wetu naye ni mtu wa humu humu mitandaoni. Kwenye mkutano wa mtaa nilisimama nikalalamikia taka, na si mnajua ukilalamika sana unapewa kazi, nikatoka pale nimekuwa katibu wa kamati ya usafi. Elimu ya mazingira sina, mimi fundi friji.

Hali yenyewe iko hivi. Kila nyumba inatoa elfu tatu kwa mwezi, mkandarasi analeta gari akijisikia, wiki mbili zinapita viroba viko getini mbwa wanachana kunguru wanamalizia. Aliyechoka kusubiri anangoja mvua, ikianza tu kunyesha usiku utasikia milango inafunguliwa, watu wanamimina korongoni, na lile korongo linashuka mpaka Msimbazi kwaiyo uchafu wetu tunawatumia watu wa Jangwani bila nauli. Jirani yangu wa nyuma yeye anachoma, saa kumi na mbili jioni moshi wa plastiki unaingia mpaka kwenye wali.

Basi tukachangishana nyumba kumi na mbili tukanunua mapipa matatu, tukayapanga chini ya mwembe. La kijani taka za jikoni, la bluu plastiki na chupa, jeusi mengineyo. Wiki ya kwanza safi kabisa. Wiki ya pili nafunua la bluu nakuta pampasi, nusu tikiti na mwiko umevunjika, makopo yote yananata. Wiki ya tatu gari likaja, vijana wakanyanyua mapipa yote matatu wakamwaga kwenye gari moja, mbele ya macho ya watu. Mama mmoja akaniuliza, "Katibu, sasa tulikuwa tunachagua ya nini?" Sikuwa na jibu na mpaka leo sina. Na pipa jeusi limeshaibiwa.

Kuna mtu mtaani kwake hii kitu imewahi kufanya kazi? Na pampasi mnazipeleka wapi?

kiduku_wa_88

Bongo hiyo haiwezekani mkuu, hamia tu Moshi 😂

MtotoWaKiboriloni

Usitusingizie malaika bwana, Moshi na sisi tuna wachafu wetu, sema huku faini wanatoza kweli na ukitupa ganda barabarani hata mtu usiyemjua anakutolea macho. Hiyo haikuja mwaka mmoja. Tena tofautisha, barabara kuwa safi ni kitu kimoja na taka kutenganishwa ni kitu kingine, mji unaweza kung'aa na taka zote zikaenda kulundikwa sehemu moja.

UtingoMstaafu

Katibu pole. Nimefanya kazi juu ya gari la taka miaka minne ngoja nikwambie kwa nini walimwaga pamoja, si roho mbaya. Lile gari halina vyumba, ni bodi moja tu. Kutoka huko kwenu mpaka dampo la Pugu Kinyamwezi ni safari, mafuta yanakwenda, foleni, kwaiyo bosi anataka gari lijae litoke. Rangi ya pipa kwake haina hela.

Halafu kingine watu hawakijui, zile taka zenu zinachambuliwa, ila zinachambuliwa na sisi tukiwa juu ya gari linatembea. Makopo tunatia kwenye viroba tunavining'iniza pembeni, maboksi tunakunja, hiyo ndo posho. Sasa kama umeshachagua vizuri alafu unampa mkandarasi, umempunguzia kijana kazi tu. Kitu ulichotenganisha usikipandishe kwenye gari la taka. Kiwe na mtu wake wa kukichukua.

Na ukitaka gari liwahi, toa maji kwenye taka. Maganda ya ndizi, mabaki ya ugali, matikiti, hayo ndo uzito na hayo ndo harufu. Kiroba kikavu kinaweza kukaa getini wiki tatu mbwa asiguse.

skrepa_na_makopo

Utingo kamaliza. Mi nanunua makopo na maboksi kwa guta, naongezea upande wetu. Kopo la maji lile jeupe linaloonyesha ndo lina soko, la rangi bei iko chini, la mafuta ya kula linasumbua maana linachafua mengine. Kizibo toa weka pembeni, ni plastiki ya aina nyingine inauzwa na zile ngumu kama ndoo na madumu. Yakanyage yabonyee, maana guta langu likibeba makopo mazima nabeba upepo.

Ila nikikuta yananata uji na mchuzi sishuki hata kwenye guta. Kuosha sioshi mimi, maji ya huko juu kwenu dumu shingapi?

Bei sikutajii leo, inapanda na kushuka kila wiki, ila usitegemee mtaa kutajirika. Nyumba kumi na mbili kiroba kikubwa kimoja au viwili kwa wiki, hela ya sabuni hiyo. Cha maana tukubaliane siku. Nikijua Jumamosi asubuhi nakuta mzigo mkavu pale kwa katibu nitakuja, nisipojua siku siji.

mama_vifaranga

Katibu mi niko Kibaha nafuga, taka za jikoni naziomba kwa majirani na hazitoshi! Nina wale nzi weusi, BSF wanaita. Usiogope jina, si nzi wa chooni. Akishakuwa mkubwa hali kitu, anataga anakufa, hana habari na chakula chako. Anayekula ni funza wake, nikiwapa maganda na mabaki wiki mbili hivi wamemaliza, wanabaki wao wanene na mbolea kavu chini. Wakikomaa wanapanda wenyewe ukingoni mwa beseni kutafuta pakavu, nawachota nawapa kuku. Hela ya dagaa imepungua.

Kama nzi wanakutisha anza na mboji tu. Shimo au kizimba cha matofali, tabaka la taka mbichi, tabaka la majani makavu au maranda ya seremala, hivohivo mpaka juu. Chomeka fimbo katikati. Baada ya siku kadhaa ichomoe uishike, ikiwa na joto mkononi jua mambo yanaenda, ikiwa baridi na kavu nyunyiza maji, ikinuka na kuteleza umezidisha maji, ongeza makavu ugeuze. Nyama na vichwa vya samaki usitie, panya watakuhamishia familia.

Nyumba_ya_Mwisho

Nyie mnaongea kama kila mtu ana shamba. Mi nakaa nyumba ya wapangaji nane, choo kimoja, uani nguo tu zinatosha, hilo shimo la mboji nalichimba kwenye kochi? Na mapipa ya pamoja hayafai jamani, kitu cha wote ni cha hakuna mtu. Lile pipa lenye pampasi ungemuuliza nani? Ungepita nyumba kwa nyumba kila mtu na kiroba chake usoni pake, aibu ingefanya kazi yenyewe.

mama_vifaranga

Hapo kwenye kochi umenichekesha ila una hoja. Asiye na uwanja atoe ndoo yenye mfuniko tu, mmoja mwenye uwanja au kuku apokee. Ndoo moja kwa nyumba, basi. Tena soko lenu msilisahau, mama ntilie na wauza matunda ndo wenye taka mbichi nyingi kuliko nyumba kumi. Kinondoni wanacho kiwanda cha mboji Mabwepande, walishirikiana na jiji la Hamburg, na chenyewe kinategemea taka za masokoni maana kule zinatoka nyingi na hazijachanganyika sana.

binti_wa_Makupa

Salamu toka Mombasa. Sisi twalijua jaa la Kibarani, ukivuka Makupa lazima uzibe pua, hadi likaja likafungwa pakapandwa miti, taka zikaelekezwa Mwakirunge. Pamependeza, ila taka hazikwisha, zilihama. Sheria tunayo pia, ile ya 2022 ya Kenya yataka kila mtu atenganishe taka zake kwake, lakini gari likija ni lile lile moja kama la kwenu. Kwa hivyo ndugu yangu utingo asema kweli, tafuta kwanza wa kuchukua ndipo uwaambie watu wachague. Wewe ulianza na rangi za mapipa.

Fundi_Korongoni (mleta uzi)

Wadau nimerudi, imepita kama mwezi na nusu. Hilo la binti wa Makupa lilinichoma kwa sababu ni kweli, mapipa nilinunua kabla sijaongea na mtu yeyote wa kuchukua.

Mapipa mawili yaliyobaki nimewapa wenye ukame wa maji. Sasa hivi kila nyumba ina ndoo ya mfuniko ya mbichi na kiroba cha vikavu. Ndoo zinakwenda kwa mzee mmoja mwenye nguruwe na kashimo ka mboji, anamwaga, anarudisha ndoo tupu, ndoo yenye plastiki anairudisha na plastiki yake imewekwa juu mlangoni kwa mwenyewe. Hakuna aliyerudia mara mbili. Jumamosi skrepa anakuja, mara mbili hajaja na watu wakaanza kunitazama vibaya, mara tatu kaja.

Nyumba zilizobaki ni saba, tano zimejitoa, mojawapo ni ya mchoma taka. Nimemwambia asichome plastiki, majani poa, ananiambia moshi unafukuza mbu. Huyo bado naye.

Gari la mkandarasi bado linachelewa vilevile ila viroba vyetu havinuki, mbwa wamehamia mtaa wa pili.

Pampasi ndo bado tupu. Hakuna aliyenijibu humu.

UtingoMstaafu

Pampasi hakuna anayenunua katibu. Zifunge kiroba chake peke yake kisivuje, gari likija zipande. Na mwambie mama mtoto nepi za kitambaa zipo, mchana japo.

Fundi_Korongoni (mleta uzi)

Mama mtoto ni wa kwangu mkuu. Ntamwambia kesho akiwa ameshiba.