Tupeane uzoefu: kusafiri na kobe, kinyonga au nyoka kwenye gari, safari ndefu

MamaWawili_Kisasa:
Jana pale stendi ya Nanenane nimeona mtoto kakumbatia boksi lenye matundu, ndani panakwaruzwa. Nikajua hapohapo ni kobe. Moyo ulinipasuka, maana ya kwetu ya 2017 sijaisahau.

Tulikuwa tunahamia Dodoma kutoka Dar. Kobe wa wanangu tukamweka kwenye buti kati ya masufuria, tukiamini gamba lile haliingii joto. Chalinze tukashuka kula. Jua la saa saba, vioo tumefunga kwa kuogopa wezi. Nusu saa tu! Kufungua buti, shingo imelala nje, imelegea kama kamba mbichi, povu jeupe linachuruzika mdomoni. Mwanangu mkubwa hakulia, alikaa chini vumbini akanyamaza. Mama ntilie mmoja akaleta beseni la maji ya kawaida, akakataa ya baridi. Tukamweka kivulini, maji yanamfika miguuni, namwagia gamba kwa kikombe kidogo kidogo. Ilipita kama dakika arobaini ndipo akavuta mguu mmoja wa nyuma. Ule mguu! Nililia mbele za watu. Kutoka pale hadi Dodoma nimempakata.

Aliyewahi kusafiri nao atuambie alifanyaje.

Fuso_Kibaigwa:
Kweli kabisa dada. Gari lililofungwa juani ni tanuri.

Mzee_Changombe:
Siku ya safari msimlishe. Usiku wa kuamkia, mwekeni kwenye maji ya uvuguvugu anywe ashibe. Kobe akitishwa anakojoa, na yale ndiyo akiba yake ya maji.

Binti_Kondoa:
Mzee shikamoo. Mimi nilimlisha mchicha njia nzima hadi Babati, hakudhurika.

Mzee_Changombe:
Marahaba. Kondoa na Babati ni pua na mdomo, mjukuu wangu.

Askari_Mstaafu:
Kabla ya mchicha na beseni, nani ana kibali hapa? Mnyama wa porini ni nyara ya serikali, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 iko wazi. Kizuizini wakifungua buti mtasema nini?

MamaWawili_Kisasa:
Kibali tulikuwa nacho kaka, kilikaa kwenye mkoba pamoja na cheti cha ndoa.

Binti_Kondoa:
Sisi tumezaliwa tukawakuta kobe uani kwa babu. Leo tuitwe majangili?

Askari_Mstaafu:
Sijakuita jangili. Lakini wale kobe bapa wa kwenye miamba yetu wanasombwa kuuzwa nje mpaka biashara yao ya kimataifa imepigwa marufuku tangu 2019. Ukikutwa naye bila karatasi, nani ataamini ni wa uani?

Msukuma_Bahi:
Ngojeni niwape ya chatu.

Agosti, tunatoka Shinyanga kuja Nanenane hapa Nzuguni, Noah ya kukodi. Nyuma yupo mzee wa Bayeye, wacheza nyoka wetu, na tenga limefungwa kwa katani. Chatu kalala kama gogo. Kumbe ni baridi! Singida tumepita saa tisa usiku, dereva akawasha hita. Tumeshaipita Manyoni, nahisi kitu kinanisukuma kisigino, polepole, kizito, kama mtu anasogeza kiroba cha mchele. Kumulika na simu, kichwa kipo chini ya kiti changu kimeelekea tundu la hita, ulimi unaingia na kutoka. Dereva alisimamisha gari akakimbilia porini. Mzee akasema tu, "Zimeni hita, fungueni milango." Upepo wa alfajiri ukaingia, chatu akapoa, akakunjwa kama blanketi, akarudi tengani.

Fuso_Kibaigwa:
Mimi ningeiacha na Noah yenyewe.

Binti_Kondoa:
Sasa tushike lipi, joto au baridi?

Mzee_Changombe:
Yote yanadhuru. Mwili wao hauzalishi joto la kutosha, gari likichemka naye anachemka. Boksi lenye matundu, taulo chini asiteleze, lifungwe mkanda kwenye kiti. Sakafuni juu ya injini hapana. Gairo usiku kuna baridi, mfunike.

Mwana_Mpwapwa:
Kinyonga wangu nilimwekea tawi kwenye boksi, akalishikilia hadi Iringa, kona zote baada ya Mtera hakuyumba. Ila bibi yangu alikataa kupanda gari hilo.

MamaWawili_Kisasa:
Msukuma, huyo chatu alifika salama?

Msukuma_Bahi:
Alifika. Siku ya kwanza mzee hakumtoa kabisa, alisema safari imemchosha. Kesho yake akamtoa saa nne, jua limeshapasha.