Binti anakimbia, sisi Wasabato, na hesabu imeshuka mpaka 38. Ushauri jamani

Mama_Magugu:
Habari zenu wakuu. Mnivumilie, habari ni ndefu na shule wamenipa mpaka Jumatatu niwe nimejibu.

Nina binti kidato cha tatu, bweni, shule binafsi ya kanisa. Kanisa lenyewe si letu, ila Jumamosi huwa wanawafungulia geti watoto wa Kisabato waende kusali mjini, hilo nawashukuru. Ada milioni mbili na laki sita, hapo sijataja rimu za karatasi, ndoo, fagio mbili za kila muhula na michango ya mahafali ya watoto nisiowajua. Mimi nauza mchele Babati. Kila kilo ya mchele wa Magugu mnayokula, jueni kuna kalamu ndani yake.

Huyu mtoto anakimbia mita 1500. Alianza kama mzaha darasa la sita, UMITASHUMTA, yale mashindano ya shule za msingi, pekupeku. Mwaka jana akiwa kidato cha pili alifika UMISSETA, ya sekondari, ngazi ya mkoa akawa wa tatu. Na tuko Manyara jamani, wa tatu wa huku si sawa na wa tatu wa kwingine. Simbu aliposhinda marathoni ya dunia kule Tokyo, Septemba 2025, yeye alikuwa bwenini hana habari. Siku ya kutembelea wanafunzi nikamsimulia kwamba wa kwanza na wa pili wote waliandikiwa 2:09:48, ikabidi waangalie picha. Akanyamaza muda, akasema, "Kwa hiyo mama, ni kifua tu." Tangu siku hiyo anamalizia mbio kajitupa mbele kama anayeanguka.

Sasa muhula huu watu watatu wamenisimamia mlangoni kwa pamoja. Mwalimu wa michezo anamtaka timu ya wilaya, mazoezi kila siku mpaka Jumamosi asubuhi. Mwalimu wa taaluma amenipigia: wastani wake 47, shule ina mstari wa 50, asiyevuka anarudia darasa au "mzazi anashauriwa kutafuta shule nyingine". Hesabu ilikuwa 61, sasa 38. Na baba yake ni mzee wa kanisa, amesikia fununu kwamba safari hii fainali za wilaya ni Jumamosi. Nilipotaja kambi ya timu alinijibu kambi anayoijua yeye ni makambi ya kanisa.

Karatasi ya hesabu ninayo hapa. Swali la 6 kaanza vizuri, kahamisha namba, kaweka alama ya sawasawa, halafu kalamu imetoka hapo ikateremka mpaka ukingoni mwa karatasi, mstari wa bluu umepindapinda kama njia ya konokono. Nikamuuliza, hii nini? "Nilisinzia, mama."

Nimtoe kwenye mbio? Nawasikiliza.

Bwana_Vyeti:
Mtoe. Hailipi hiyo. Akishapata cheti chake akimbie hata mpaka Kondoa. Unauza mchele ili mtoto akalale mtihanini?

Mama_Magugu:
Nimekusikia mkuu. Ila nikimtoa leo sina hakika kama hesabu itarudi kesho. Na huyu akinuna, ananuna kweli.

Mwl_Filimbi:
Mama, pole. Nimefundisha hesabu na michezo miaka 22, shule za binafsi nne, tatu za makanisa na moja ya Kiislamu. Mstari wako wa konokono umeniambia mengi kuliko hizo asilimia. Kabla hatujagusa mbio, hebu niandikie siku yake yote, kuanzia kengele ya kwanza mpaka taa kuzimwa.

Mama_Magugu:
Nimempigia matroni kuhakikisha. Kengele saa kumi alfajiri. Prep ya alfajiri, yaani kujisomea, mpaka karibu saa kumi na mbili, ibada, usafi, uji. Darasa saa moja na nusu mpaka saa tisa. Masomo ya ziada saa nzima. Mazoezi saa kumi mpaka kumi na moja na nusu. Foleni ya kuoga, chakula. Prep ya usiku mpaka saa nne. Taa saa nne na nusu.

Mwl_Filimbi:
Saa nne na nusu mpaka saa kumi ni saa tano na nusu. Mtoto wa miaka 16 anatakiwa alale kwa muda wa saa nane mpaka kumi. Hata angekuwa anacheza bao tu angesinzia kwenye swali la 6.

Prep ya alfajiri naijua, nimeisimamia. Saa kumi na nusu darasa zima vichwa viko mezani, mwalimu wa zamu kajifunika kitenge, taa zinawaka na bili inasoma. Inafanywa kwa ajili ya mzazi, ili siku ya kuandikisha mtoto aambiwe "hapa wanaamka saa kumi". Baraza la mitihani, NECTA, waliacha kutangaza shule kumi bora Januari 2023, lakini nendeni kwenye magrupu ya WhatsApp matokeo yakitoka, watu wanapanga wenyewe kwa kalkuleta za simu. Shule binafsi inaishi kwa jina, na jina ndilo linalomwamsha binti yako saa kumi.

Kwa hiyo ombi lako la kwanza peleka kwa mwalimu wa taaluma. Omba siku za mazoezi asamehewe prep ya alfajiri, alale mpaka saa kumi na moja na nusu. Omba kwa mwezi mmoja, kwa majaribio, na useme utakubali matokeo ya jaribio la mwisho wa mwezi. Mwalimu wa taaluma hupenda neno jaribio.

La pili, mazoezi siku sita ni mengi. Mkimbiaji wa 1500 wa umri huo anatosheka na siku nne, dakika 50, mbili kati ya hizo nyepesi kabisa.

La tatu, mpime wingi wa damu. Binti anayekimbia, yuko kwenye hedhi, anakula ugali maharage na makande ya bweni, halafu anashushia chai ya rangi palepale. Chai inazuia mwili kuchukua madini ya chuma kwenye chakula. Nimeona mabinti wawili wakiitwa wavivu kumbe damu ndiyo imeisha.

Mkuu Bwana_Vyeti, na wewe usiwe na haraka. Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya 1500 pale Christchurch mwaka 1974, baadaye akaenda kusoma El Paso, Texas, na aliporudi akafungua shule. Miguu ndiyo iliyomfikisha darasani.

Bwana_Vyeti:
Huyo ni mmoja mwalimu. Hao wengine wako wapi?

Uasin_Gishu:
Hujambo mama. Mimi niko Eldoret, na Bwana_Vyeti hajakosea sana. Jirani yangu aliacha shule akiwa Fomu Tatu sababu alikuwa anashinda mbio za kaunti. Goti likakataa. Sasa ako na boda boda.

Lakini hapa karibu kuna St. Patrick's Iten, shule ya Kikatoliki. Bradha Colm O'Connell alikuja kutoka Ireland mwaka 1976 kufundisha jiografia, ukocha hakuwa amesomea popote. Alianza kusimama kando ya uwanja tu, akawa anawaangalia wavulana wakikimbia. Hapo ndipo alitoka Peter Rono, akaenda Mount St. Mary's, chuo cha Kikatoliki huko Maryland, na alishinda dhahabu ya 1500 Seoul 1988 akiwa mwanafunzi wa hicho chuo. Sasa fikiria mama: kocha wa Marekani anaweza kupenda muda wa mtoto wako, lakini kule ofisini wanauliza cheti. Hesabu 38 itamfungia mlango hata akikimbia kama swara.

Mtoto_wa_Ngamiani:
Mimi nitaongea ya dini, maana naona mnaizunguka.

Nimesoma seminari ya Kiislamu, nilikuwa beki wa kulia. Ramadhani timu haikuvunjwa, ilihamishiwa saa nyingine. Kukimbia kuliwekwa dakika 40 kabla ya magharibi, ukiishiwa pumzi adhana iko jirani, tende na maji ziko ukingoni mwa uwanja. Kazi ngumu ikafanywa baada ya tarawehe, mara mbili kwa wiki. Wote tukajiona tumepatia. Lakini tulilala saa sita usiku, saa kumi tukaamshwa daku, saa moja tuko darasani. Matokeo ya mwezi ule sitaki kuyakumbuka, mimi nilipata 19 ya fizikia, na fizikia nilikuwa naipenda.

Mwalimu wa taaluma akataka timu ifutwe. Ustadhi ndiye aliyetuokoa. Akasema baada ya adhuhuri watoto walale kidogo, kailula, ni sunna. Mwalimu wa taaluma atabishana na kocha, na sunna atabishana nayo vipi? Tulilala saa nzima kila siku chini ya mafeni ya msikitini. Nikitaka kulala vizuri mpaka leo nausikia ule mlio wa feni bovu la pembeni.

Kwa hiyo mama, msiichukue dini kama mtu wa tatu anayemvuta mtoto. Sabato yenu ni siku nzima ya kupumzika kila wiki. Kuna wanariadha wanalipia kocha awaambie hilo.

Mama_Magugu:
Mtoto wa Ngamiani umenichekesha na umenigusa. Hilo la mwisho nimemsomea mzee. Ameitikia "hm", na kwa mzee huyu "hm" ni kubwa.

Lakini fainali ikiwa Jumamosi kweli?

Mwl_Filimbi:
Hapo ratiba ndiyo ya kutafuta, na itafuteni mapema, kabla jina lake halijaandikwa.

Mwambie mzee habari za Eric Liddell, Mskoti. Olimpiki ya Paris 1924, mchujo wa mita 100 uliangukia Jumapili, na yeye Jumapili hakimbii. Watu husimulia kama aligoma palepale uwanjani. Hapana. Ratiba aliijua miezi kabla, akahamia mita 400, akazifanyia kazi, akachukua dhahabu kwa sekunde 47.6. Mbio za vijiti zilizoangukia Jumapili nazo akaziacha. Mimi kinachonivutia kwake ni ile miezi.

Sabato yenu inaanza Ijumaa jua likizama, kwa hiyo mbio ya Ijumaa saa tisa mchana haina shida. Ila nawaomba kitu kimoja, na hapa nasema kwa uchungu. Msije mkamwandikisha 1500, akakimbia mchujo Ijumaa, halafu Jumamosi mkasema Sabato. Nafasi hiyo ni ya binti wa mtu. Nilishafanyiwa hivyo nikiwa na timu. Binti aliyekosa kufuzu kwa nafasi moja alikaa kwenye nyasi siku nzima ya fainali, namba ya kifuani hajaitoa, akiangalia mbio zikikimbiwa na nafasi moja iko wazi. Ama aingie mbio zinazokwisha kabla ya jua la Ijumaa, ama asiandikishwe mwaka huu.

Tena mama, mmemuuliza mwenyewe?

Mama_Magugu:
Mwalimu, hilo swali lako limeninyima usingizi.

*(baada ya siku tisa)*

Wakuu nimerudi. Nilikwenda shule Jumatatu na karatasi ya konokono mkononi, nikaiweka mezani kwa mwalimu wa taaluma sijasema neno. Akaigeuza, akaigeuza tena. Mkuu wa shule alikataa kwanza, kwamba wengine nao wataomba. Mwalimu wa taaluma ndiye akasema tujaribu mwezi mmoja. Siku nne analala mpaka saa kumi na moja na nusu. Wastani ukibaki chini ya 50 anarudi kwenye kengele ya saa kumi na mbio basi. Nimesaini.

Damu ilikuwa 10.2. Nesi akasema inatakiwa isipungue 12. Kapewa vidonge vya chuma, na chai anywe saa moja baada ya chakula. Mwl Filimbi, Mungu akuweke. Mimi nilikuwa nadhani amechoka kwa sababu ya umri.

Mzee nimemsomea ya yule Mskoti yote. Akauliza, "Alikuwa Msabato?" Nikamwambia hapana, wa Jumapili. Akafikiri. "Basi siku alikosea, ila alichofanya ni kizuri."

Ratiba ya wilaya bado haijatoka. Mwalimu wa michezo anasema mita 3000 mara nyingi huwekwa siku ya kwanza, kwa hiyo binti akipenda anaweza kumwandikisha huko akaiacha 1500. Tukamwita mwenyewe, tukamuuliza, mimi, baba yake na walimu wawili, kasimama na sweta la shule limevutwa mpaka vidoleni. Nikadhani atalia.

Akasema, "Elfu tatu ni mizunguko saba na nusu. Nitaimba nyimbo gani zote hizo kichwani?"

Baba yake akamwambia kitabu cha Nyimbo za Kristo kina za kutosha.