AE-1 Program kwenye M: nikizungusha pete ya lenzi, namba haisogei

pete_ya_lenzi
Wakuu, naomba msaada. Kamera ni Canon AE-1 Program, lenzi FD 50mm f/1.8, filamu ya rangi ya ISO 400 (wepesi wake kwa mwanga), betri mpya ya volti 6. Kwenye PROGRAM, kamera ikichagua kasi na tundu la lenzi yenyewe, picha zote safi. Nikiweka kasi ya 1/125 na pete ya lenzi kwenye A (kamera inachagua tundu), safi pia. Shida ni M, yaani pete ikitoka A nachagua yote mwenyewe. Nusu ya roli nimepiga hivyo, pete ikiwa f/8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa): za nje zinakubalika, za ndani negativu iko wazi kama kioo, haina kitu. Na nikizungusha pete kutoka f/8 hadi f/2.8, namba inayowaka kwenye kitazamio haisogei hata kidogo. Kipimamwanga kimekufa?

ChumbaCheusi
Hakijafa, mkuu. Kamera hii hupima mwanga lenzi ikiwa wazi kabisa. Vile vibao vya ndani vinavyopunguza tundu la lenzi hujifunga pale tu unapofyatua. Kwa hiyo ukizungusha pete, mwanga unaofika kwenye kipimo ni uleule.

Pete ikiwa kwenye A, kamera yenyewe ndiyo inayosukuma kiwiko cha nyuma ya lenzi na kufunga vibao kwa kiasi ilichochagua. Ukiitoa A, M nyekundu inawaka na kazi hiyo inakuwa yako. Namba unayoiona ni ushauri tu, haikwambii pete yako iko wapi. Ikisema 2.8, shika pete uipeleke 2.8 kwa mkono.

Picha zako za ndani: kama namba ilisema 2.8 na pete ilikuwa 8, umepungukiwa stopu 3 (8, 5.6, 4, 2.8); kila stopu ni mwanga nusu au mara mbili. Filamu ya negativu haivumilii hilo, sehemu za giza haziandiki kitu. Za nje huenda ilisema 16, ukazidisha stopu 2. Hapo negativu inakuwa nzito lakini picha inatoka. Ingekuwa slaidi (filamu inayotoa picha yenyewe badala ya negativu), hizo nazo zingeungua.

fundi_shata
Kuhakikisha kipimo ni kizima: elekeza kamera kwenye ukuta wenye mwanga usiobadilika, bonyeza kitufe cha kufyatulia nusu, soma namba. Sogeza kasi kutoka 1/60 hadi 1/125. Kama ilikuwa 5.6 lazima ishuke hadi 4. Isiposhuka, hapo ndipo uanze kuwa na wasiwasi.

Wengi wanaokwama hapa wametoka kwenye Nikon FE. Ile ina mishale miwili: wa kijani ni kasi uliyoweka, mweusi ni kasi inayotakiwa, na pete ya lenzi inausogeza ule mweusi. Unazungusha hadi ilaliane. AE-1 Program haina kitu cha kulinganisha, kwa hiyo jicho linasubiri ishara ambayo haiji.

pete_ya_lenzi
Nimejaribu ukutani, imeshuka 5.6 hadi 4. Asanteni sana. Sasa mtu akiwa amesimama mbele ya dirisha, nikitumia PROGRAM uso unakuwa mweusi. Lazima niende M?

ChumbaCheusi
Si lazima. Kipimo kinaupa uzito mkubwa katikati ya fremu, lakini dirisha bado linakivuta. Sogea hadi uso ujaze fremu, bonyeza nusu, kisha bonyeza kitufe cha kufunga kipimo kilicho ubavuni karibu na lenzi. Bila kuachia kile cha kufyatulia, rudi nyuma, panga picha, fyatua. Ukiachia kabla, kipimo kinaanza upya na dirisha linarudi kutawala.

Kama huwezi kusogea, shusha namba ya ISO kwenye kamera: filamu ya 400, weka 200 upate stopu 1 zaidi, au 100 upate 2. Baada ya picha hiyo irudishe 400 palepale. Roli nyingi zinaharibika hapo.

Na ukiwa ndani iangalie P ya kijani. Ikimeta, kasi imefika 1/30 au chini yake. Egemeza kamera mahali au tumia flashi.