Mwaka wa kujitolea Ujerumani kwanza, au chuo kwanza?

Shikamooni wakubwa. Nimemaliza kidato cha sita na nimepata nafasi chuo Dodoma. Papo hapo nyumba ya wazee karibu na Leipzig imenikubali kwa FSJ, yaani mwaka mmoja wa kujitolea kwenye huduma za jamii. Baba anasema nikiondoka sasa darasani sirudi tena. Mama kanyamaza tu, na huko kunyamaza kwake ndiko kunanitisha. Niende?
Kijana wa Tabata

Marahaba mdogo wangu. Mimi nilikuja hivyo hivyo, na sijuti. Ila ujue unakuja kufanya nini. Saa kumi na mbili asubuhi uko kazini, unaogesha watu, unabadilisha nepi za watu wazima, unalisha. Wiki yangu ya pili bibi mmoja aliniomba Kissen, yaani mto. Mimi nikasikia küssen, nikainama nikambusu shavuni. Alicheka mpaka meno ya bandia yakamlegea, na kufika jioni ghorofa nzima ilikuwa na habari. Lakini Kijerumani changu chote kimetoka kwa yule bibi. Zile siku 25 za semina ni nzuri, ila lugha utaipata chumbani kwa wazee.

Sasa hela. Ni posho, si mshahara. Mimi nilipewa euro mia nne na kitu, pamoja na chumba, na bima ya afya wakanilipia. Usije na hesabu za kuweka akiba ya chuo. Ukitaka viza ya masomo baada ya hapo, mara nyingi wanadai Sperrkonto, yaani akaunti ya benki yenye hela iliyozuiwa ya kujikimu, euro 11,904 kwa mwaka. Kwa posho ile huzipati hata ule mkate mtupu. Ndiyo maana wengi wetu tuliingia Ausbildung, yaani mafunzo ya kazi, ya uuguzi: miaka mitatu, unasoma huku unalipwa. Sema kama uuguzi huutaki moyoni, hiyo miaka mitatu itakuwa mirefu sana.

Na dalali usimpe hata shilingi. Mimi nilimpa milioni mbili kwa fomu ambayo baadaye niliikuta mtandaoni bure.
Dada wa Leipzig

Dada kasema kweli, ila mimi namuunga mkono mzee wako. FSJ inachukua vijana wasiofika miaka 27. Wewe una ngapi, 20? Soma kwanza, umalize digrii, na bado utawahi. Hata ukipitwa, kuna BFD, mpango mwingine wa kujitolea wa serikali, ambao hauna ukomo wa umri. Mimi nilikuja na digrii mkononi, nikajitolea mwaka, kisha nikaomba masters nikiwa hapa hapa. Kama ni lazima uende sasa, chuo wakupe ruhusa ya kuahirisha kwa maandishi, yenye muhuri. Usiridhike na "hamna shida" ya mtu wa dirishani.
Kaka wa Kassel

Asanteni sana. Kesho kutwa napanda basi la Dodoma kuifuata hiyo barua; nikiikosa, naanza chuo. Nimemsomea mama majibu yenu. Kauliza swali moja tu: hao wazee hawana watoto?
Kijana wa Tabata

Mwambie wanao. Wanakuja Jumapili, na keki.
Dada wa Leipzig