Naomba ushauri: madeni ya wateja yanamaliza mtaji wangu wa mama lishe
Ndugu zangu, naombeni mnisaidie mawazo. Mimi ni mama lishe hapa Dar es Salaam, mwaka wa 6 sasa. Huamka saa 10 alfajiri kuinjika maharage, ili ifikapo saa 6 mchana wali, ugali na samaki viwe tayari kwa mafundi wa ujenzi, ambao ndio wateja wangu wakubwa.

Mafundi hao hulipwa Jumamosi, hivyo hula wiki nzima kwa kuandikwa daftarini, nami sikatai kwa sababu mtu hawezi kubeba zege akiwa na njaa. Mwezi uliopita kazi ya jengo moja ilisimama ghafla, wakatawanyika, nikabaki nadai shilingi 186,000, ambazo ndizo zilikuwa fedha za mchele, mafuta na gunia la mkaa. Sasa nanunua mkaa wa kopo, ambao ukijumlisha ni ghali kuliko gunia.

Nimefikiria kuunda kikundi na wenzangu tuombe mkopo usio na riba wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambapo asilimia 4 ni za wanawake. Hofu yangu ni kuingiza fedha ya kikundi katika biashara ambayo bado inavuja.

Mliopitia hali hii, mlizuiaje madeni bila kupoteza wateja? Je, nimwombe msimamizi wa ujenzi anilipe mwenyewe kisha awakate mafundi, na makubaliano hayo tuyaandikeje?