Mawakala wa tiketi Dar: mnauza "Ulaya miji minne", mabegi ya watu yalale wapi?

Wakuu, salamu baadaye. Wasimamizi, naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa matangazo ya tiketi, maana unawahusu haohao wanaotangaza.

Mabango ya aina hii yamejaa kwenye magrupu ya WhatsApp: Dar–Roma, Roma–Paris, Paris–London, London–Amsterdam, Amsterdam–Dar. Chini yake kwa wino mnene: MABEGI 2 YA KILO 23. Mteja akishalipa anashuka Kariakoo kuchukua begi kubwa na shangazi kaja moja, na ndugu nao wanaanza kuleta: dagaa wa Mwanza, unga wa muhogo, vitenge vya binamu aliyeko Uholanzi. Hakuna wa kumwambia kwamba kilo hizo 46 ni za kwenda Roma na za kurudi kutoka Amsterdam tu. Kule katikati hazipo. Msiseme ni kusahau. Wakala anaona kwenye skrini yake kila kipande cha safari kina mzigo kiasi gani. Anakaa kimya kwa sababu akiongeza mabegi ya katikati, bei ya kwenye bango inapanda.

Tiketi yenyewe haifichi. Tafuta safu ya mzigo: 2PC ni mabegi mawili, 1PC moja, 0PC hakuna, na 23K ni jumla ya kilo 23. Kisha angalia herufi na namba za kumbukumbu ya tiketi (booking reference), jumla yake 6. Kama kila kipande kina zake, ujue umeuziwa tiketi kadhaa zilizobanwa kwa pini moja. Kaunta ya Terminal 3 pale uwanja wa ndege wa Dar (JNIA) itafunga tagi mpaka mwisho wa tiketi ya kwanza, basi. Soma herufi 3 kubwa kwenye tagi kabla begi halijaondoka kwenye mkanda: FCO ni Roma, CDG ni Paris, AMS ni Amsterdam. Na hata kwenye tiketi moja, ukikaa mji wa njiani zaidi ya saa 24, begi unalichukua mwenyewe.

Sasa hivyo vipande vya katikati ni ndege za bei chee. Ryanair na Wizz Air bure yao ni kibegi cha sentimita 40 × 30 × 20. easyJet ni 45 × 36 × 20. Hicho ni kibegi cha daftari za mtoto. Begi la kwenda chini ya ndege unalilipia peke yake: mtandaoni mapema ni nafuu, kaunta ni ghali, mlangoni mwa ndege ni kilio.

Ndipo mteja anapoambiwa kwa simu, "Liache begi Roma, kuna sehemu za kutunza." Liache Roma halafu? Tiketi ya kurudi inaanzia Amsterdam! Nani atalifuata?

Na hapa ndipo hasira yangu ilipo hasa, maana sisi wenye pasipoti ya Tanzania hatuingii Ulaya kwa kutabasamu. Viza ya Schengen (eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja) ya kuingia mara moja inaisha kazi siku unapopita ukaguzi wa kutoka. Kwa Paris–London kwa treni, ukaguzi huo unafanyika stesheni ya Gare du Nord, Paris, kabla hujapanda. London ina viza yake, Uingereza haimo Schengen. Ukimaliza London huingii tena Amsterdam bila viza ya kuingia mara mbili au zaidi. Kwa hiyo begi lililoachwa Paris, Roma au Frankfurt kabla ya London linabaki ndani, mwenyewe uko nje. Na sehemu za kutunza mizigo viwanjani kwa kawaida ziko upande wa nje, baada ya uhamiaji. Asiye na viza ya kuingia nchi hiyo hazifikii, hata kama ana saa 12 za kusubiri ndege.

Ratiba isiyoumiza ipo. Ingia na utokee mji mmoja, begi kubwa lilale hapohapo, miji mingine uzungukie na begi la mgongoni. Uingereza iwe mwanzo au mwisho wa safari, isikatize katikati. Wakala anayejua kazi angepanga hivyo kabla hajachapa chochote.

Kuhusu sehemu zenyewe. Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, kuna makabati ya kufuli ya kujihudumia, mwisho siku 7. Zaidi ya hapo unapeleka dirisha la kutunza mizigo lililopo palepale uwanjani. Makabati ya stesheni za treni za Uholanzi na Ujerumani mwisho wake saa 72. Ukipitiliza, yanafunguliwa, mzigo unahamishwa, na kuukomboa ni kulipa. Anayekwambia "acha stesheni wiki mbili" hajawahi kusoma kibao cha mlangoni. Kwenye mabango ya Ujerumani tafuta neno Schließfächer, Ufaransa consigne, Italia deposito bagagli, Hispania consigna, Uingereza left luggage.

Halafu kuna programu za simu zinazokuunganisha na duka au hoteli ikutunzie begi. Kwa siku moja ni nzuri. Kwa siku nyingi piga hesabu kwanza: ukikuta euro 6 kwa begi kwa siku, mabegi 2 kwa siku 10 ni euro 120. Igeuze shilingi mwenyewe, halafu ulinganishe na bei ya kununua kilo 20 kwenye ndege mapema. Wengine wanahesabu saa 24, wengine siku ya kalenda, kwa hiyo begi lililowekwa saa 2 usiku na kuchukuliwa saa 3 asubuhi linaweza kuwa siku mbili. Na duka ni duka: Jumapili linaweza kufungwa, ndege yako haifungwi.

Nawasilisha. Mawakala karibuni mjitetee.

#2
Mkuu, mimi niko upande wa pili wa kaunta na nusu ya lawama naipokea. Lakini sema na nusu nyingine. Mteja huyohuyo ukimpa bei yenye mabegi kila kipande anakwambia "mbona fulani ana rahisi?" Anayetaka amani aombe kwa maneno haya: "Nipe bei ya kila kipande ikiwa na begi 1 la kilo 20 au 23, na uniandikie." Wakala akikataa kuandika, ondoka. Pia msing'ang'anie ndege katikati. Treni nyingi hazipimi kilo. Eurostar, treni ya Paris–London, inaruhusu mabegi 2 yasiyozidi sentimita 85 na kimoja cha mkononi. Treni za kasi za kawaida za Ufaransa (TGV) nazo ni mabegi 2, kila moja lisizidi 70 × 90 × 50, na kimkoba. Sharti ni ubebe mwenyewe, hakuna mpagazi wa stendi pale.

#3
Naongezea ya makabati. Kabati kubwa linameza begi moja kubwa la magurudumu, la pili mara nyingi halikai, kwa hiyo hesabu makabati mawili. Shangazi kaja ni balaa jingine: limejaa, limevimba pembeni, mlango haufungi, na ukililazimisha zipu inapasuka palepale. Malipo nayo: makabati mengi siku hizi hayali sarafu wala noti. Yanataka kadi ya plastiki yenye chipu. Ile kadi ya mtandaoni mnayotengeneza kwenye huduma ya pesa ya simu haisomwi na mashine hizo. Risiti inayotoka ndiyo ufunguo wako. Ipige picha, pamoja na namba ya kabati na mlango wa stesheni ulioingilia. Stesheni ya Frankfurt au Milano ina milango mingi, utazunguka na treni inaondoka.

Paris stesheni kubwa mzigo unapitishwa kwanza kwenye mashine ya eksirei, na sehemu hizo za kutunza hazikai wazi usiku kucha. Treni ya alfajiri? Usiweke hapo.

#4
Naomba kuuliza, kufunga begi kwa nailoni pale uwanjani kunasaidia likienda kutunzwa? Na dagaa je?

#5 (mwanzisha uzi)
Nailoni inasaidia njiani tu. Anayetunza akitaka kukagua ataikata, na hutapata ya pili. Tumia vibana vya plastiki vyenye namba, vile vya kukata kwa mkasi, na uchukue 6 vya akiba. Piga picha begi pande zote, picha moja likiwa wazi. Soma kiwango cha fidia kabla ya kulipa: dhahabu, fedha taslimu na vifaa vya umeme mara nyingi havimo. Pawabenki haikai begi la chini la ndege hata kidogo, ibaki mkononi, isizidi Wh 100 (watt-saa).

Dagaa: forodha ya Umoja wa Ulaya inaruhusu samaki mpaka kilo 20 kwa mtu. Nyama na maziwa ni marufuku, na samli imo humo, hata iwe ya bibi. Asali mwisho kilo 2. Matunda mabichi yanataka cheti cha afya ya mimea, isipokuwa nanasi, nazi, ndizi, tende na durian. Embe la kuchuma halimo, msijidanganye. Uingereza wana sheria zao, usichukulie ni zilezile. Lakini forodha wakikupitisha, mwenye duka la kutunzia atakukatalia kwa harufu. Wafikishe dagaa kwa mwenyewe mji wa kwanza, au waende kwenye ndoo yenye kifuniko cha kubana, ndani ya mifuko miwili. Dagaa waliokaa siku 5 kwenye kabati mwezi wa 7, hilo begi utalichoma.

#6
Na kutuma vitenge kwa posta toka mji wa kwanza mpaka kwa binamu?

#7
Inawezekana, na mara nyingi ni nafuu kuliko kutunza. Ndani ya Umoja wa Ulaya kifurushi hakipiti forodha, kwa hiyo Roma kwenda Amsterdam ni kulipia uzito tu. DHL toka Ujerumani inapokea mpaka kilo 31.5. Tumia boksi gumu, begi la zipu linachanika kwenye mikanda. Andika anwani kamili na jina kama lilivyo kwenye kengele ya mlango, maana la ukoo lisipokuwepo pale msambazaji anaondoka nalo. Uingereza usitume hivyo: tangu 2021 kifurushi toka Ulaya kinajaziwa fomu ya forodha na ndugu aliyeko huko anaweza kudaiwa kodi kwa vitenge vyake mwenyewe.