Wakuu, ukaguzi wa mizigo uwanja wa ndege wa Lima ukoje?

Mpita Jangwa: Wakuu, habari za usiku. Nipo Nazca, kusini mwa Peru. Kesho usiku napanda basi kwenda Lima, kisha ndege ya kurudi nyumbani. Pale uwanjani wanafungua kila begi, au linapita kwenye mashine tu? Sijalala tangu juzi.

Mama Swaumu: Pole mwanangu. Ile michoro mikubwa ya wazee wa kale, iliyochorwa ardhini jangwani, umeiona?

Mpita Jangwa: Shikamoo mama. Nimeiona kwa kindege, nusu saa. Rubani anakilaza kulia, kisha kushoto, ili kila abiria aone. Yupo buibui wa mita 46! Wazee wale waliondoa mawe meusi ya juu tu, udongo mweupe ukatokeza. Mvua karibu hakuna, basi imedumu.

Fundi Saa: Mleta uzi, asiye na kitu haulizii mashine. Umebeba nini?

Mpita Jangwa: Kigae tu, upana wa vidole vitatu. Nilikiokota Cahuachi, kwenye yale mahekalu ya matofali ya udongo. Kina rangi ya damu ya mzee na mstari mweusi ukingoni. Kwa ndani unaona kabisa alama ya kidole cha mfinyanzi. Kilikuwa juu ya mchanga, upepo ungekizika. Nimeshakifunga kwenye soksi.

Ustadhi Mpole: Cha kuokota hutangazwa. Wewe umekitangazia soksi.

Nahodha Mstaafu: Utotoni, Kilwa Kisiwani, tuliokota vigae vya Kichina ufukweni tukawauzia wageni. Juzi nimewapeleka wajukuu, tumezunguka hadi adhuhuri hatujaona hata kimoja. Roho iliniuma.

Fundi Saa: Peru inakataza kutoa vitu vya kale nchini, hata kipande. Ukikamatwa usituite.

Mpita Jangwa: Siuzi mimi! Bibi yangu ni mfinyanzi, Usangi. Nataka akishike kwa mkono wake.

Kobe wa Tanga: Jamani, mnachezewa. Anasalimia "habari za usiku" na huku ni saa moja asubuhi. Yupo Peru ya Manzese huyu.

Fundi Saa: Kobe, Peru ipo nyuma yetu kwa saa nane. Kwake ni saa tano usiku.

Kobe wa Tanga: Sawa. Basi aseme, ukipanda ule mnara wa kando ya barabara kuu unaona michoro gani?

Mpita Jangwa: Mti, na mikono miwili, mmoja una vidole vinne. Na mjusi, ila barabara imempasua katikati. Malori yanampitia mwilini, kaka. Nilisimama pale nikashindwa kupiga picha.

Kobe wa Tanga: Umefika. Niwie radhi.

Nahodha Mstaafu: Na hilo la mjusi limekuuma, lakini kigae umebeba.

Fundi Saa: Hapo mjini kuna makumbusho ya Antonini, yana vitu vya Cahuachi. Wapelekee asubuhi, waoneshe ulipokiokota.

Mpita Jangwa: Wakiita polisi je? Si bora nikirudishe mwenyewe kimyakimya?

Fundi Saa: Utakumbuka ni wapi hasa, kwenye mchanga wote ule?

Mama Swaumu: Mwanangu, kipige picha, uweke kidole chako pembeni bibi aone ukubwa. Ile alama ya ndani usiikose.

Mpita Jangwa: Nimekitoa kwenye soksi, mama. Chini ya taa hii rangi haitoki na alama haionekani. Nangoja kupambazuke.